Sindano za kuondoa makunyanzi: mambo ambayo mkazi wa Tabora anapaswa kuyajua kabla ya kudungwa

Dawa inayodungwa usoni ili kulainisha makunyanzi ni sumu. Ni vyema jambo hilo lisemwe mwanzoni kabisa, kwa kuwa mengi yanayomhusu mgonjwa yanatokana nalo: kipimo chake, namna inavyotunzwa, nani anaruhusiwa kuishika, na kwa nini mtu aliyedungwa Dar es Salaam au Mwanza anaweza kuanza kupata madhara akiwa amekwisha kurudi nyumbani Tabora. Sumu hiyo hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na kitaalamu huitwa sumu ya botulinamu aina ya A. Wengi wanaifahamu kwa jina la Botox, ambalo ni jina la kibiashara la bidhaa moja tu. Zipo nyingine, kama Dysport na Xeomin, na tofauti zilizopo kati yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Bakteria huyo si mgeni kwetu. Vijimbegu vyake hukaa udongoni karibu kila mahali duniani, na wakati mwingine huingia hata kwenye asali. Ndiyo maana mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 hapaswi kulambishwa asali, hata kama ni asali safi ya Sikonge iliyorinwa jana, kwa sababu utumbo wake bado haujakomaa kiasi cha kuvizuia vijimbegu hivyo visiote na kutoa sumu. Mtu mzima hula asali hiyohiyo bila shida. Katika mkoa unaojivunia asali yake kama huu wetu, ni jambo la kumkumbusha kila mama aliyejifungua. Katika sindano ya urembo, hata hivyo, hamna bakteria wala vijimbegu. Kilichomo ni protini iliyochujwa na kupimwa kwa kiwango kidogo sana.

Safari ya sumu hiyo hadi kuwa dawa ilichukua zaidi ya karne moja. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani, Justinus Kerner, aliandika kwa kina kuhusu watu waliokuwa wakipooza baada ya kula soseji zilizoharibika, na akawaza kwamba sumu inayolegeza misuli kiasi hicho huenda siku moja ikatumika kutibu. Mwaka 1895 Émile van Ermengem wa Ubelgiji alimtambua bakteria mwenyewe, baada ya watu waliokula nyama ya nguruwe kwenye mlo wa msiba kuugua na baadhi yao kufariki. Katika miaka ya 1970 daktari wa macho wa Marekani, Alan Scott, alianza kuidunga kwa kiasi kidogo sana kunyoosha macho yenye makengeza, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaidhinisha matibabu hayo. Matumizi ya urembo yalitokea kando ya njia hiyo. Huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers aliona kwamba wagonjwa aliowadunga kwa sababu ya kope zinazojikaza walikuwa wakipoteza pia mikunjo iliyo katikati ya nyusi. Yeye na mumewe Alastair, aliyekuwa daktari wa ngozi, walichapisha matokeo yao mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha matumizi hayo rasmi. Hadi leo dawa hiyohiyo hutumika kutibu kipandauso sugu, kutokwa na jasho jingi kwapani, na kukakamaa kwa misuli kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaoichukulia kuwa anasa ya wenye fedha na hawataki kuisikia, ilhali mzazi mwenye mtoto aliyekakamaa miguu anaweza siku moja kuambiwa na daktari kwamba ndiyo itakayomsaidia mwanawe.

Sasa tuangalie inavyofanya kazi. Kila unapokunja uso, ubongo hutuma amri kupitia neva, na mwisho wa neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huufikia msuli na kuufanya ukaze. Sumu ya botulinamu huingia kwenye ncha ya neva na kukata protini inayohitajika ili kemikali hiyo itoke. Amri inafika, lakini haivuki kwenda kwenye msuli, na kwa hiyo msuli unatulia. Ngozi iliyo juu yake, kwa kuwa haikunjwi tena, inalainika polepole. Dawa haijazi kitu, haikazi ngozi, wala haiifanyi iwe changa. Baada ya miezi mitatu hadi minne neva huwa imejirekebisha, msuli unaanza kukaza tena, na makunyanzi yanarudi yalivyokuwa.

Kutokana na hilo unapatikana ukweli ambao kila anayefikiria sindano hii anapaswa kuuelewa kabla ya kutoa senti. Yapo makunyanzi ya aina mbili. Ya kwanza ni yale yanayoonekana uso unapotenda kazi, kama unapokasirika, unapocheka, au unapokaza macho kwa sababu ya jua. Ya pili ni yale yanayobaki hata uso ukiwa umetulia kabisa, kwa kuwa ngozi yenyewe imekwisha kuchimbika. Dada mmoja anayeuza vitenge hapa mjini aliwahi kuniuliza, "Hivi, kaka, ile sindano ya kunyoosha uso, ukishachomwa ndiyo basi, huzeeki tena?" Nilimwomba atazame kioo kidogo alichokuwa nacho dukani, akunje uso kama anayebishana na mteja juu ya bei, kisha aulegeze. Mistari miwili iliyosimama katikati ya nyusi zake ilitokea, ikapotea. Ile iliyo pembeni mwa mdomo ilibaki palepale. Ya katikati ya nyusi ndiyo ambayo sumu ya botulinamu inaiweza vizuri zaidi, pamoja na mistari ya paji la uso na ile ya pembeni mwa macho. Ile ya mdomoni, ambayo hutokana zaidi na kupungua kwa mafuta na kulegea kwa ngozi, sindano hii haina la kuifanya, na mtu anayemwahidi mteja kwamba itaondoka kwa sindano hiyo hamwambii kweli.

Mara nyingi anayetoa ahadi hiyo anachanganya sindano mbili zilizo tofauti kabisa. Ipo sindano ya kujazia, ambayo kwa kawaida huwa na asidi ya hayaluroniki, kitu kizito kama ute, kinachodungwa chini ya ngozi ili kujaza bonde au kunenepesha midomo. Hii hailegezi msuli. Hatari yake kubwa ni kuingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya na kuuziba, na hapo ngozi inaweza kufa au, mshipa ukiwa ni ule unaopeleka damu kwenye jicho, mtu anaweza kupofuka. Kwa bahati nzuri kipo kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi kinachoweza kuiyeyusha asidi hiyo, lakini lazima kiwepo palepale kwa anayedunga, kwa maana saa chache tu zinatosha kuharibu. Ukiambiwa utadungwa "ya kujaza", uliza kama kimeng'enya hicho kipo chumbani. Kama hakipo, usidungwe.

Turudi kwenye sumu ya botulinamu, na hasa kwenye kalenda yake, kwa kuwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaoishi mbali. Sindano yenyewe huchukua dakika chache, na mtu hutoka mlangoni akiwa na vipele vidogo vinavyopotea ndani ya saa moja hivi. Hakuna kinachobadilika siku hiyo. Nguvu ya dawa huanza kuonekana kati ya siku ya pili na ya tano, na hufikia kilele chake takriban wiki mbili baadaye. Madhara nayo hufuata kalenda hiyo. Kope ya jicho moja inaweza kulegea na kufunika nusu ya mboni, kwa sababu dawa imesambaa hadi kwenye msuli unaoinua kope. Nyusi moja inaweza kupanda huku nyingine imeshuka. Kichwa kinaweza kuuma. Madhara hayo hupita yenyewe, kope iliyolegea ikichukua wiki kadhaa, na daktari anaweza kutoa matone ya macho ya kusaidia wakati wa kungoja. Hata hivyo, kitu ambacho hakuna daktari anayeweza kukifanya ni kuitoa dawa ikishaingia kwenye neva. Ni lazima isubiriwe iishe.

Chukua basi mfano wa mtu wa Tabora aliyekwenda Mwanza kwa shughuli zake, akadungwa siku ya Ijumaa, na Jumamosi alfajiri akapanda basi la kurudi kupitia Shinyanga na Nzega. Kope ikilegea Jumatano, aliyemdunga yuko mamia ya kilomita mbali, na pengine anachobaki nacho ni namba ya simu isiyopokelewa. Kwa aliyedungwa Dar es Salaam hali ni ngumu zaidi. Kwa maoni yangu swali la kwanza la mtu anayeishi huku halipaswi kuwa la bei. Linapaswa kuwa hili: baada ya wiki mbili nani ataniangalia, na ikitokea shida katikati ya wiki nimpigie nani? Mtaalamu makini hupanga siku ya kumwona tena mgonjwa wake baada ya wiki mbili, kwa sababu hapo ndipo anaweza kuona kama upande mmoja umezidi mwingine. Kama huwezi kukaa au kurudi, ahirisha hadi utakapoweza. Makunyanzi hayana dharura.

Hata safari yenyewe ina mambo yake. Kwa saa kadhaa baada ya kudungwa, wataalamu hushauri mtu asilale, asisugue wala kukandwa uso, na asivae kitu kinachobana paji la uso, ili dawa isisukumwe kwenda isikotakiwa. Kwa hiyo kuinamia kiti cha mbele ndani ya basi huku umesinzia, kofia ngumu ya bodaboda inayokaza kwenye nyusi, kilemba kilichofungwa kwa nguvu, au kupitia saluni kusuguliwa uso siku hiyohiyo, yote ni ya kuepukwa.

Jambo jingine ambalo halionekani kwa macho ni kipimo. Nguvu ya dawa hii hupimwa kwa yuniti, na kila kampuni ina yuniti zake ambazo hazilingani na za mwenzake. Kwa mistari ya katikati ya nyusi, Botox hutolewa yuniti 20 zilizogawanywa katika sehemu tano za kudungwa, yuniti nne kila moja. Dysport hutolewa yuniti 50 kwa kazi ileile. Mtu anayechukua hesabu ya bidhaa moja na kuitumia kwa nyingine anaweza kumpa mgonjwa zaidi ya mara mbili ya anachohitaji. Kwa sababu hiyo mgonjwa ana haki ya kuambiwa jina la bidhaa na idadi ya yuniti, na kuandikiwa kwenye karatasi aondoke nayo. Karatasi hiyo ndiyo daktari mwingine atakayoitegemea kukusaidia, na ndiyo itakayozuia usidungwe tena kabla ya miezi mitatu kupita, kwa kuwa kudungwa mara kwa mara kunaweza kuufanya mwili ujenge kinga dhidi ya dawa yenyewe, ikaacha kufanya kazi.

Kichupa chenyewe kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ukionyeshwa kichupa cha Botox ambacho hakijafunguliwa, utadhani ni kitupu. Dawa iliyomo ni utando mkavu mwembamba sana chini kabisa, na hadi uelekeze kichupa kwenye mwanga ndipo unauona. Huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali muda mfupi kabla ya kutumika. Lebo huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, na kichupa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kiwango kilekile ambacho wauguzi wetu wanakilinda usiku na mchana kwa ajili ya chanjo za watoto. Ikishachanganywa hurudishwa kwenye friji, na maelekezo ya mtengenezaji yanataka itumike ndani ya saa 24. Baadhi ya bidhaa, kama Xeomin, huvumilia joto la chumbani kabla ya kuchanganywa, lakini nyingi hazivumilii.

Fikiria sasa mtu anayesafiri mji hadi mji, akifika Tabora katika joto la Oktoba na sindano zilizokwisha kujazwa, akizitoa kwenye deli lenye barafu iliyoyeyuka, na kuwadunga wateja watano au sita kwenye chumba cha nyuma cha saluni. Mteja hana njia ya kujua kilichomo. Inaweza kuwa dawa iliyoharibiwa na joto, isiyofanya lolote. Inaweza kuwa imezimuliwa kwa maji mengi ili itoshe watu wengi, na ndiyo maana imekuwa rahisi. Inaweza kuwa bandia kabisa. Na kama sindano moja inapita kwa zaidi ya mtu mmoja, au kichupa kinachochovywa mara kwa mara kwa sindano iliyokwisha kutumika, kuna virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B, ambavyo havijali kwamba mtu alikuja kwa ajili ya urembo. Kanuni ninayoisimamia bila kulegeza ni kwamba kichupa kifunguliwe na dawa ichanganywe mbele ya macho yako, na sindano itoke kwenye pakiti yake ukiangalia.

Wapo watakaoona kwamba ninatisha watu bure. Mwaka 2004, katika jimbo la Florida nchini Marekani, watu wanne, akiwemo daktari aliyewadunga wenzake na kujidunga mwenyewe, walilazwa wakiwa wamepooza, wakahitaji mashine ya kuwasaidia kupumua. Hawakutumia dawa iliyosajiliwa. Walitumia sumu ghafi iliyotengenezwa kwa ajili ya maabara, na uchunguzi ulionyesha kwamba kichupa kimoja cha toleo hilo kilikuwa na sumu inayotosha kuua watu wazima zaidi ya 14,000. Mwaka 2024 nchi hiyohiyo iliripoti watu 22 katika majimbo 11 waliopata madhara baada ya kudungwa bidhaa bandia, au kudungwa na watu wasio na sifa, au mahali pasipo pa tiba kama nyumbani na kwenye vituo vya urembo. Ikiwa hayo yanatokea kwenye nchi yenye ukaguzi mkubwa wa dawa, hatuna sababu ya kudhani kwamba umbali wetu kutoka bandarini utatulinda.

Wapo pia ambao hawapaswi kudungwa hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Mjamzito na anayenyonyesha wangoje. Mwenye ugonjwa wa neva na misuli, hasa ule unaoifanya misuli ichoke haraka na kope zilegee zenyewe, yuko hatarini, kwa maana kiwango kidogo kisichomdhuru mwingine kinaweza kumzuia kumeza au kupumua. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe asidungwe Dysport. Mwenye jipu, upele au kidonda mahali pa kudungwa apone kwanza. Na aliye kwenye sindano za gentamaisini, dawa inayotumika sana katika hospitali zetu, aseme wazi, kwa kuwa inaweza kuongeza nguvu ya sumu hii. Wanaotumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda wamweleze daktari, kwani watavilia damu kirahisi, lakini wasiziache dawa hizo kwa uamuzi wao wenyewe.

Ngozi zetu nazo zina historia yake. Weusi wa ngozi hukinga miale ya jua kwa kiasi fulani, na kwa hiyo makunyanzi huchelewa kwa wengi wetu kuliko kwa watu weupe. Malalamiko yanayowapeleka wengi kutafuta tiba ya uso ni madoa na rangi isiyolingana, na kwa hayo sumu ya botulinamu haifai kitu. Mtu aliyetumia mkorogo kwa miaka, hasa wenye steroidi, huwa na ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa na kukunjamana mapema. Huyo anahitaji daktari wa ngozi na kuacha mkorogo, kwa utaratibu atakaoelekezwa. Jua kali na sigara ndivyo vinavyozeesha uso zaidi kutoka nje ya mwili, nasi tunaishi kwenye mkoa wenye vyote viwili, jua la mwaka mzima na mashamba ya tumbaku kuanzia Urambo hadi Sikonge. Kofia pana, mafuta ya kukinga jua na kuacha kuvuta sigara huchelewesha makunyanzi kwa gharama ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu, ilhali sindano hudai kurudiwa mara tatu hivi kwa mwaka, mwaka hadi mwaka.

Kwa anayeamua kuendelea, Tanzania ina vyombo vya kumlinda, navyo vinafanya kazi vikitumiwa. Daktari yeyote hutakiwa kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kuwa na leseni iliyo hai, na si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe. Unaweza kuuliza kwa upole, "Samahani daktari, naomba kuona leseni yako na kichupa chenyewe." Mtaalamu wa kweli amezoea swali hilo. Dawa nazo husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Magharibi iko hapahapa Tabora, na unaweza kwenda kuuliza kama bidhaa unayotajiwa imesajiliwa.

Ikitokea baada ya kudungwa, iwe ni saa chache au hata wiki kadhaa baadaye, kwamba mtu anapata shida kumeza, sauti inakwama, anaona vitu viwiliviwili, shingo inalegea au pumzi inakuwa nzito, hiyo ni dharura na haingojei asubuhi. Apelekwe mara moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, au iliyo karibu zaidi naye kama Nkinga kwa watu wa upande wa Igunga, na daktari aambiwe waziwazi kwamba mgonjwa alidungwa sindano ya makunyanzi, lini, na mahali gani usoni. Wengi huficha kwa aibu, na daktari anabaki akitafuta kiharusi au malaria kali huku muda unapotea. Ipo dawa inayoinasa sumu iliyo bado kwenye damu, lakini haiigusi ile iliyokwisha kuingia kwenye neva, na kwa hiyo kila saa ina maana. Mgonjwa aende na ile karatasi yenye jina la bidhaa, idadi ya yuniti na namba ya toleo, au angalau picha ya kichupa aliyoipiga kwa simu siku ya kudungwa. Na mhudumu ajaze fomu ya njano ya TMDA ya kuripoti madhara ya dawa, ili toleo hilo lifuatiliwe kabla halijamfikia mtu mwingine.